Geuza makopo usome

Chumbageni, Tanga
Machi 14

Shoga yangu Zainabu,

Barua yako niliipata Jumamosi. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili machozi yalinitoka. Unasema usiku unatoa miguu nje ya shuka kwa sababu nyayo zinawaka, na mchana unakanyaga sakafu kama umevaa soksi nene ilhali uko peku. Najua unachokisema. Mwaka wa nne huu nami, mgonjwa wa sukari mwenzio, nalala hivyo hivyo.

Sijawahi kukusimulia habari ya ndala. Usiku mmoja nilitoka uani kuanua nguo, nikarudi hadi chumbani, nikakaa kitandani. Kuangalia chini, mguu wa kulia una ndala, wa kushoto mtupu. Ilivuka huko huko uani, nami nimetembea ukumbi mzima bila habari. Nikageuza unyayo, nikakuta kipande cha kifuu kimezama chini ya kidole gumba, damu imeshaganda. Hakikuniuma hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa, maana maumivu nilishayazoea; kutoumia ndiko kulikonitisha.

Sasa hayo makopo mawili ya vidonge vya miguu uliyonunua. Sikulaumu, mtu anayewaka miguu saa nane za usiku hununua chochote. Mimi nilianza na unga wa mlonge, nikaja magnesiamu, kisha muuzaji mmoja akanipa aina mbili za vidonge vya mishipa ya fahamu, kimoja asubuhi, kingine jioni. Nikameza miezi mitano. Ganzi ikapanda kutoka vidoleni hadi kwenye vifundo. Nikadhani ni sukari imepanda. Nilipompelekea daktari makopo yote, akasoma yale maandishi madogo ya pembeni: vidonge vyote viwili vina vitamini B6, miligramu 100 kila kimoja. Mwili unahitaji karibu miligramu 2 tu kwa siku. B6 ikizidi sana kwa muda mrefu, huumiza mishipa ile ile unayotaka kuitibu! Mimi sikujua, na sidhani kama muuzaji alijua. Nakuomba geuza makopo yako leo, usome kila kimoja kina kiasi gani, ujumlishe, na upeleke kliniki pamoja na dawa zako nyingine.

Kilichonisaidia hakuna aliyenitajia dukani. Daktari aliniuliza metfomini, dawa yetu ya sukari, nimeitumia miaka mingapi. Kumi na mmoja. Akanieleza kwamba dawa hiyo, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kuuzuia mwili usifyonze vitamini B12 vizuri, na B12 ikipungua miguu hufa ganzi na kuchomachoma vile vile kama ya sukari. Kwa kuhisi tu huwezi kutofautisha. Nikapimwa damu, B12 ikakutwa iko chini. Nikachomwa sindano za B12 siku moja na kuruka moja kwa wiki mbili, kisha ikawa kila baada ya miezi miwili. Dawa yenyewe nyekundu kama maji ya rozela. Wewe metfomini umeanza kabla yangu, na tangu ulipoacha nyama, samaki na maziwa, B12 utaipata wapi? Mchicha na maharage havina. Metfomini usiiache kwa sababu ya barua hii, sukari ikipanda miguu ndiyo itaumia zaidi. Waombe wakupime tu.

Sitaki kukudanganya kwamba nimepona. Kuchomachoma kulianza kupungua mwezi wa nne hivi wa sindano, na sasa kuna usiku nalala hadi adhana ya alfajiri. Vidole bado vina ganzi. Nilijaribu pia vidonge vya asidi ya alfa lipoiki miezi mitatu. Moto ulipoa kidogo, au nilitaka upoe, sijui, lakini bei yake ilinishinda nikaacha. Usiku nameza amitriptilini ndogo, ya kutuliza maumivu ya mishipa, aliyoniandikia daktari. Kinywa hukauka, ila usingizi unakuja.

Na hilo beseni la maji ya moto na chumvi unaloloweka miguu, shoga, liache kabisa. Unyayo usiohisi kifuu hauhisi maji yanayounguza. Hata ya kuogea yapime kwa kiwiko. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, na peku usitembee hata ndani.

Mwanangu anakuja huko Dodoma Alhamisi. Nimempa kioo kidogo chenye mpini akuletee. Kila usiku kabla ya kulala kishike chini ya mguu, utazame unyayo wote na katikati ya vidole. Mimi changu kiko chini ya mto. Ukiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, usingoje kesho yake.

Ukipata majibu ya B12 niandikie namba yenyewe, usiniambie tu "wamesema iko sawa".

Wako akupendaye,
Mwanahawa