Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2025 na Biashara Yetu ya Mtandaoni

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wajumbe wa kamati, wanachama wenzangu wa chama chetu cha wasanii wa kazi za mikono hapa Moshi, kutoka Rau, Njoro, Majengo, Soweto na Kiboriloni, na ninyi mliopanda daladala alfajiri kutoka Himo na Marangu: shikamooni wazee wetu, na wengine wote habari za tangu tulipoachana.

Tumeshasimama kumkumbuka mama yetu wa Rau, msukaji wa vikapu, aliyetutoka katikati ya mwaka. Namtaja tena kwa sababu ameacha jambo ambalo kamati ililijadili kwa muda mrefu kuliko ajenda nyingine yoyote. Nakshi yake ya mistari myekundu iliyopinda bado inaulizwa na wateja. Wapo waliosema aliyejifunza kwake aisuke na kuuza kama kazi yake, maana yeye mwenyewe aliwafundisha bila kinyongo. Wapo waliosema nakshi izikwe naye. Kamati haikukubali lolote kati ya hayo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi za sanaa za mikono, na haki ya mtunzi haikomi siku ya mazishi. Tumeamua kwamba mwanafunzi wake yeyote anaweza kuisuka, lebo itaje jina la mama, na binti yake apate fungu lake kwa kila kikapu kitakachouzwa. Naomba mkutano huu uridhie uamuzi huo na uwe utaratibu wetu kwa kila msanii, aliye hai au aliyetangulia. Mteja anayenunua kwetu ananunua mkono wa mtu fulani. Tukilificha jina la mtu huyo, tunabaki tunauza kikapu kama kile cha kiwandani, na kwa bei kiwanda kitatushinda.

Sasa niingie kwenye bei, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi mwaka huu.

Nimepita kwenye kurasa za wanachama moja baada ya nyingine. Tunapiga picha vizuri, tunajibu wateja kwa heshima, lakini wengi wetu tunauza kwa hasara bila kujua, kwa kuwa siku zetu za kazi hatuzihesabu. Tuchukue mfano wa kikapu kimoja cha ukindu kinachosukwa siku mbili. Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi kutoka sh. 275,060 hadi sh. 358,322 kwa mwezi kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ingawa viwango hutofautiana kwa sekta. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama sh. 13,800 kwa siku. Siku mbili ni sh. 27,600. Tuseme ukindu, rangi na mishikio ya ngozi ni sh. 9,000, boksi na lebo sh. 2,400, na fungu la bando, umeme na chumba sh. 3,000. Jumla ni sh. 42,000, na hapo hujapata hata senti ya faida. Anayekiuza sh. 30,000 akitoa gharama zake anabaki na sh. 15,600 kwa siku mbili, yaani sh. 7,800 kwa siku, kwa kazi ya ufundi aliyojifunza miaka mingi. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wetu wanaacha kusuka na kwenda kuendesha bodaboda.

Kuna jambo la pili ndani ya bei ambalo wengi hawalioni. Duka la Dar es Salaam au la nje likitaka kununua kwa jumla, kwa kawaida hutaka kulipa karibu nusu ya bei ya rejareja. Kama bei yako ya mtandaoni ni sh. 42,000, huna cha kumpa mwenye duka. Utakataa oda ya vikapu 40, au utaikubali na kufilisika nayo. Kwa hiyo bei ya rejareja ya kikapu hicho inapaswa kuwa angalau sh. 84,000, ili nusu yake irudishe gharama, na lazima ubora wake ustahili bei hiyo: mishono isiyolegea, rangi isiyochuja, ukindu uliokauka sawasawa ili usiote ukungu njiani. Wapo watakaosema mteja hatanunua. Mteja wa kuulizia bei na kuondoka hatanunua, ni kweli. Lakini daftari la oda linaonyesha kwamba waliorudi kununua mara ya pili na ya tatu ni wale walionunua kwa bei kamili, wakaandikiwa karatasi ndogo yenye jina la msanii, na wakajibiwa haraka walipouliza namna ya kusafisha. Nawasihi tuwajenge hao. Wateja wachache wanaorudi wanatulisha kuliko umati unaopenda picha na kupita.

Nimekaa sana kwenye bei kwa sababu mji huu ulishalijua somo hili kabla yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika wao, ili mkulima asiende peke yake mbele ya mnunuzi na debe lake moja. Walipanga kahawa kwa madaraja na kuuza pamoja. Sisi tuna simu mkononi, lakini tunashindana wenyewe kwa wenyewe kwa kushusha bei mpaka mgeni anatuchezea kama bao. Kamati inapendekeza bei ya chini kwa kila aina ya bidhaa, ambayo mwanachama hataruhusiwa kushuka chini yake akiuza kwa jina la chama.

Kuhusu usafirishaji nje ya nchi, mwaka 2025 ulikuwa mgumu. Marekani ilikuwa ikiruhusu kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote, na mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha vifurushi vya kwenda huko kwa muda. Mteja aliyezoea kulipa bei ya bidhaa na nauli tu alijikuta anadaiwa zaidi mlangoni kwake, na baadhi ya mizigo ilirudi. Tangu hapo tumeandika kwenye kila bidhaa, kwa maneno yasiyokwepa, kwamba ushuru wa nchi ya mpokeaji ni juu ya mpokeaji. Mauzo yamepungua upande huo, lakini malalamiko pia yamepungua.

Ulaya nako kuna sharti ambalo tulichelewa kulielewa kama nchi, si kama chama tu. Tangu tarehe 13 Desemba 2024, karibu kila bidhaa isiyo chakula inayouzwa kwa mlaji ndani ya Umoja wa Ulaya lazima iwe na mhusika aliyeko ndani ya umoja huo, mwenye jina na anwani, anayewajibika kwa usalama wake. Mtunga shanga wa Njoro hawezi kumtafuta mtu huyo kwa kila hereni. Njia inayotufaa ni kuuza kwa jumla kwa maduka ya huko, kwa sababu anayeingiza mzigo ndiye anabeba wajibu huo. Mnaona tunavyorudi palepale kwenye bei ya jumla.

Kisha kuna ujazo. Kampuni za usafirishaji wa haraka hazipimi uzito peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000, na hutoza kilo zilizo nyingi kati ya hizo na zile za mizani. Kikapu ndani ya boksi la sentimita 40 kila upande kinahesabiwa kilo 12.8, hata kama mizani inasoma kilo moja na nusu. Nauli hiyo inaua oda. Ndiyo maana nimewaomba wasukaji watengeneze seti zinazoingiana, kikapu ndani ya kikapu, na vile vya kukunjika. Wapo waliokwisha kufanya hivyo, na nawapongeza kwa moyo wote, maana wamebadilisha umbo bila kuharibu sanaa. Batiki na kadi za magome ya migomba hazina tatizo hilo; zinalala kwenye bahasha. Tuzitangaze zaidi kwa wateja wa mbali.

Wachongaji wa mpingo, nisikilizeni kwa makini. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa iliyokamilika hupita bila kibali cha CITES ikiwa mbao ya mpingo katika mzigo mzima haizidi kilo 10. Zaidi ya hapo, kibali kinahitajika. Na kilo 10 au gramu 200, lazima uweze kuonyesha gogo lilitoka wapi, kwa nyaraka za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Chama hakitapokea kinyago kisicho na asili inayojulikana. Misitu hiyo ndiyo stoo yetu. Wanaofungasha vinyago vikubwa kwenye makreti wajue pia kwamba mbao za kreti lenyewe zinapaswa kuwa zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa mfano kwa joto, na kugongwa muhuri wa kimataifa, na kwa mzigo wa Australia, ambako bidhaa za mimea hukaguliwa kwa ukali, waulize kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, pale Arusha kabla hawajakata tiketi ya mzigo. Pembe, ngozi za wanyamapori na makombe ya baharini hatuuzi, na sitaki kulirudia hili.

Nigusie majukwaa. Kuna wenzetu wanaouza Etsy kupitia ndugu zao walioko nje. Sina ugomvi na hilo. Ni soko kubwa la kazi za mikono tangu mwaka 2005. Ila wajue hesabu yake: senti 20 za dola kwa kila bidhaa kwa miezi minne, na asilimia 6.5 ya mauzo, nauli ikihesabiwa humo. Kabla ya Aprili 2022 ilikuwa asilimia 5. Wauzaji wengi walifunga maduka yao kwa wiki moja kupinga, na kiwango kikabaki kilekile. Ujerumani kulikuwa na soko la aina hiyo lililoitwa DaWanda, lilianza mwaka 2006 na likafungwa Agosti 2018. Waliokuwa wamejenga kila kitu humo walianza upya. Na sisi wenyewe mwishoni mwa Oktoba 2025 tulikaa siku kadhaa bila intaneti nchi nzima. Waliokuwa na namba za wateja wao kwenye daftari waliwajulisha wa ndani kwa simu ya kawaida kwamba mzigo upo salama. Waliokuwa na wafuasi wa Instagram tu walikaa kimya, na baadhi walipoteza oda.

Kwa hiyo daftari la wateja ndilo mali kubwa ya chama, kuliko ukurasa wowote. Lakini ni majina, anwani na namba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu sisi kama inavyozihusu benki. Daftari litakaa kwa Katibu, halipigwi picha, na mteja akisema tumfute, tunamfuta siku hiyohiyo.

Soko la ndani limetubeba mwaka huu. Mizigo ya Dar es Salaam na Dodoma inakwenda kwa basi na kupokelewa kesho yake, malipo kwa lipa namba. Bei zote ndani ya nchi ziandikwe kwa shilingi, hata kwa mgeni aliyeshuka mlimani. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Kenya ipo jirani kupitia Holili, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Afrika Mashariki kuna cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani. Sioni kwa nini hatukitumii zaidi.

Mengine kwa ufupi. Vikundi vya akina mama na vijana ndani ya chama vimeomba mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na majibu tunayasubiri. Shanga zenye nembo za vilabu vya mpira ziondolewe kwenye ukurasa wetu, maana nembo ni mali ya wenyewe. Picha zipigwe asubuhi nje, kwenye kivuli, na vipimo viandikwe kwa sentimita. Mifuko ya plastiki haitumiki tangu Juni 2019, na bado nimeiona kwenye mzigo mmoja.

Wanachama wenzangu, leo nawaletea maazimio matatu ya kupigia kura: bei ya chini kwa kila bidhaa, fungu la familia ya msanii aliyefariki, na lebo moja ya chama yenye jina la aliyetengeneza. Lile la kwanza litawauma baadhi yenu kwa miezi michache, nalijua hilo, na naliunga mkono kwa nguvu zangu zote. Fomu za mapendekezo ya bei ziko kwa Katibu. Kila aina ya ufundi ikae meza yake baada ya chai, ijadili na kuandika kiwango chake kabla ya kura za saa nane.

Namkaribisha Mweka Hazina asome hesabu za mwaka.

Mwenyekiti
Moshi, Januari 2026