Malalamiko Kuhusu Matairi Yasiyolingana Niliyofungiwa Kwenye Subaru WRX STI

Mombasa,
Mei 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Matairi,
Mombasa.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: MATAIRI MANNE YA 245/40R18 NILIYOYALIPIA, NA MAWILI YA AINA NYINGINE NILIYOFUNGIWA

Mwezi Machi mwaka huu nilifika dukani kwenu kununua matairi manne mapya ya gari langu, Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2013 lililoletwa kutoka Japani. Nililipa shilingi 128,000 pamoja na gharama ya kufunga, balansi na alaimenti, na ankara niliyopewa inasema waziwazi kwamba nimeuziwa matairi manne ya 245/40R18 97W, yaani upana wa milimita 245, kimo cha ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18, namba ya uzito 97 na herufi ya mwendo W. Matairi mawili ya mbele ni hayo yaliyoandikwa. Mawili ya nyuma siyo. Ubavuni mwake yameandikwa 235/40R18 95V, mifereji yake ni ya mchoro mwingine, yana alama ya M+S (ya matope na theluji) ambayo haipo kwenye yale ya mbele, na tarakimu za utengenezaji zinaonyesha kwamba yalitoka kiwandani mwaka 2019. Nilipokuja kuuliza, msimamizi wa zamu alinijibu kwamba rimu ni ileile ya inchi 18, matairi yameingia bila shida, na kwa hiyo hakuna kosa lolote. Kwa jibu hilo ndipo nimeona lazima niwaandikie, kwa kuwa tairi kuingia kwenye rimu ni sharti la kwanza tu kati ya masharti mengi, na muuzaji wa matairi ya magari ya kasi anapaswa kulijua jambo hili kuliko mteja wake.

Ningependa kwanza mfahamu nilichokiomba, maana sikuagiza kwa kubahatisha. Nilimweleza muuzaji wenu kwamba gari hili huendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwamba injini yake ina nguvu za farasi 308, na kwamba jina la kiwanda si hoja kwangu alimradi matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja, mchoro mmoja na umri unaokaribiana. Niliomba tairi la kiangazi, lile lililotengenezwa kwa ajili ya lami ya joto, kwa sababu kwa hali ya hewa ya Pwani sioni faida yoyote ya tairi la misimu yote ambalo utomvu wake, yaani mpira wake, umechanganywa ili usikakamae kwenye baridi ya Ulaya. Niliomba pia lenye daraja la juu la kushika lami iliyolowa katika kibandiko cha Umoja wa Ulaya, ambacho tangu Mei 2021 hupanga matairi kutoka A hadi E, kwani masika yalikuwa yanakaribia na mnajua jinsi maji yanavyotuama katika barabara zetu. Namba ya uzito nilitaka isipungue 93, yaani kilo 650 kwa kila tairi, na herufi ya mwendo isiwe chini ya W. Muuzaji aliandika yote hayo mbele yangu, akanipendekezea aina mojawapo, nami nikaikubali kwa sababu ilitimiza kila sharti. Gari liliingizwa karakana, ambako wateja hawaruhusiwi kusimama, nikakabidhiwa ufunguo na ankara.

Sasa nije kwenye kiini cha malalamiko yangu, ambacho ni mzingo wa tairi, yaani urefu wa kulizunguka mara moja. Tairi la 245/40R18 lina kipenyo cha takriban milimita 653, na mzingo wake ni kama milimita 2,052. Tairi la 235/40R18 lina kipenyo cha takriban milimita 645, na mzingo wake ni kama milimita 2,027. Kwa macho tofauti hiyo haionekani, hasa tairi linapokuwa limefichwa na tao la bodi, na nadhani ndiyo maana fundi wenu aliona anaweza kuipitisha. Lakini kwa hesabu ni milimita 25 katika kila mzunguko. Miongozo ya Subaru kwa magari yake ya kuendesha magurudumu yote ni kwamba tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6.4. Mlichonifungia kinapita kiwango hicho takriban mara nne.

Katika gari linalosukumwa na magurudumu mawili, kosa la namna hii lingeweza kuishia kwenye usukani mzito au mshale wa mwendo usiosema kweli. Katika STI haliishii hapo. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati yenye klachi ya sumakuumeme pamoja na sehemu ya kimakanika, na kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo za mzunguko gari linapokata kona, kisha kuzibana pale magurudumu yanapoanza kuteleza. Matairi ya nyuma yakiwa madogo, hulazimika kuongeza takriban mizunguko sita juu ya ile ya matairi ya mbele katika kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka kabisa. Kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 480 hivi, hiyo ni mizunguko kama 2,900 ya ziada ambayo difu haina budi kuimeza. Kifaa kilichoundwa kufanya kazi kwa vipindi kinafanyishwa kazi bila kupumzika. Mafuta yake yanapata joto, klachi inasuguana, na kompyuta ya gari, ambayo husoma kasi ya kila gurudumu, inapokea taarifa kwamba nyuma kunateleza wakati hakuna kinachoteleza.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Katika safari ya kwanza ndefu baada ya kufungiwa matairi, nilianza kusikia mguno kila nilipokata kona kali kwa mwendo mdogo, na taa ya mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari ikawa inawaka na kuzimika. Baada ya kupita Maungu nikielekea Voi mvua ilinyesha, na katika kona ambayo naifahamu kwa miaka mingi, kwa mwendo uliokuwa chini ya ule unaoruhusiwa, nyuma ya gari ilichomoka upande wa kulia huku mbele ikiwa imeshika lami vizuri. Mke wangu na mwanetu walikuwa ndani. Namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na lori lililokuwa likija upande wa pili, kwani ninyi nyote mnaotumia barabara ile mnajua ni malori mangapi hutoka bandarini kila saa.

Kilichotokea pale kina maelezo yake, na naomba msikihesabu kuwa ni dereva aliyekwenda kasi. Matairi ya mbele ni ya kiangazi, yenye utomvu unaonata na mifereji mipana ya kutoa maji. Ya nyuma ni ya misimu yote, ni membamba zaidi, na utomvu wake ulikwisha kukaa miaka sita kabla ya kugusa barabara. Mtu yeyote mwenye ujuzi wa matairi atawaambia kwamba, mkilazimika kuchanganya, matairi yenye mshiko hafifu yasikae nyuma hata siku moja, kwa sababu mbele ikiteleza dereva huhisi kwenye usukani na hupunguza mwendo, ilhali nyuma ikiteleza gari hugeuka lenyewe kabla hajawahi kufanya lolote. Karakana yenu ilifanya kinyume cha hayo, tena kwa mteja aliyeomba matairi manne yanayofanana.

Fundi wangu ndiye aliyeyapima kwa utepe, akaandika namba zote, na akapiga picha za ubavu wa kila tairi. Nimeambatisha picha hizo pamoja na ankara. Alipokuwa akikagua, aliona pia kwamba tairi la mbele la kushoto limefungwa kinyume, upande ulioandikwa kuwa wa nje ukiwa umetazama ndani. Sitalirefusha jambo hilo, ila linaonyesha kwamba hakuna aliyeyakagua magurudumu kabla ya gari kutoka.

Msimamizi wenu alinipa hoja mbili ambazo nataka kuzijibu kwa ukamilifu, kwa sababu naogopa wateja wengine wanapewa hizohizo. Hoja ya kwanza ni kwamba kikomo cha juu kabisa cha mwendo wa gari dogo hapa Kenya ni kilomita 110 kwa saa, hivyo tairi la V, linalostahimili kilomita 240, linatosha na kubaki, na hakuna haja ya W ambalo hufika 270. Mimi sikununua W ili nikimbie kilomita 270. Herufi ile hutolewa baada ya tairi kujaribiwa chini ya mzigo na joto, na matairi ya daraja la juu kwa kawaida hujengwa kwa ubavu mgumu zaidi na mikanda inayoshikilia uso wa tairi usitanuke. Ugumu huo ndio unaolifanya gari zito lenye nguvu litii usukani kwenye kona na lisimame sawasawa linapopigwa breki ghafla, hata kwa kilomita 80. Zaidi ya hayo, ekseli moja ikiwa na ubavu mgumu na nyingine ubavu laini, gari halijibu kwa namna moja mbele na nyuma. Kuhusu uzito sina ugomvi nanyi: namba 95 ni kilo 690, na hiyo inazidi nilichohitaji. Nalitaja hili ili mwone kwamba sitafuti visingizio.

Hoja ya pili ni kwamba matairi ni mapya kwa kuwa hayajawahi kutumika. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, ule wa alama za utengenezaji ubavuni, ni 1119, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2019. Utomvu huzeeka hata tairi likiwa limelala, na huzeeka upesi zaidi likikutana na jua, joto na hewa yenye chumvi. Nimeona kwa macho yangu matairi mnayoyapanga barazani tangu asubuhi hadi jioni ili wapita njia wayaone. Jua la Mombasa halimwonei huruma mtu, seuze utomvu. Tairi la bei ya juu, ambalo thamani yake yote imo katika ubora wa utomvu wake, halistahili kuwekwa namna hiyo, na lililokaa miaka sita haliwezi kuuzwa kwa bei ya jipya bila mnunuzi kuambiwa umri wake.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili anufaike na bidhaa hizo kikamilifu, na haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na pale mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia huku akitegemea ujuzi wake, bidhaa iyafae matumizi hayo. Nilitoa maelezo, nilieleza matumizi, na nilitegemea ujuzi wenu. Ankara yenu wenyewe ndiyo ushahidi.

Kwa hiyo naomba kampuni iyaondoe matairi yote manne na kunipa manne ya 245/40R18, yenye namba ya uzito isiyopungua 93 na herufi ya W au zaidi, ya mchoro mmoja, yaliyotengenezwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, na niyaone kabla hayajafungwa. Siwezi kukubali pendekezo la msimamizi la kubadilishiwa mawili ya nyuma peke yake, kwa sababu yale ya mbele yamekwisha kutembea na uso wake umelika, na tofauti hiyo pekee yaweza kukaribia ile robo inchi niliyoitaja. Ikiwa hamna manne ya namna hiyo ghalani, basi nirudishiwe fedha zangu zote niyatafute kwingine. Naomba pia mgharamie ukaguzi wa difu ya katikati na giaboksi, pamoja na kubadilisha mafuta yake, katika karakana inayozijua Subaru ambayo nitaichagua mwenyewe. Na endapo klachi ya difu itaonekana imeungua, gharama ya matengenezo iwe juu yenu.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu fedha zangu. Magari ya aina hii, ya kuendesha magurudumu yote, yamejaa Mombasa na Nairobi, mengi yake mikononi mwa vijana ambao hawajui kusoma ubavu wa tairi na ambao watalichukua neno la fundi wenu kuwa kweli. Nataka mnijulishe kwa maandishi ni hatua gani mmechukua ili karakana yenu isifunge tena ukubwa tofauti kwa mteja bila ridhaa yake, na ili mwaka wa kutengenezwa wa kila tairi uandikwe kwenye ankara.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitayapeleka malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia malalamiko ya watumiaji, na nitadai fidia kupitia mahakama. Hadi hapo gari limeegeshwa nyumbani, na linaweza kukaguliwa na fundi wenu siku yoyote ya kazi mtakayoniarifu mapema.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mmiliki wa gari lililotajwa.

Viambatisho: nakala ya ankara, picha za ubavu wa matairi manne, na karatasi ya vipimo vya fundi.