Mwani wa chini ya barafu unatuhusu hata sisi wa Chunya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Iringa aliyelalamika katika safu hii kwamba gazeti limepoteza ukurasa mzima kueleza habari za mwani wa chini ya bahari huko ncha za dunia, wakati wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanahangaika na bei ya mbolea. Kwa mbolea sina ugomvi naye, maana hata mimi nina kipande cha viazi Umalila na risiti za mbolea ninazo. Ugomvi wangu uko pale aliposema mambo ya barafu ni ya wazungu na wenye meli zao, sisi hayatugusi.

Yanatugusa, na sisi tunayagusa.

Mwani unaozungumzwa ni daiatomu, kiumbe cha seli moja kinachojijengea ganda la silika, malighafi ileile inayotengenezea kioo. Katika bahari ya Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, jua hupotea kwa miezi, na hata likirudi, barafu nene yenye theluji juu yake inaweza kupitisha chini ya asilimia 1 ya mwanga. Kwa mwanga huo kiduchu daiatomu zilizotandaa juu ya tope huendelea na usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Hutoa oksijeni, hulishika tope kwa ute wao lisitimke, na hulisha konokono na wanyama wengine wanaotambaa huko chini. Zikiharibika, njaa inaanzia hapo.

Sasa tuone walichofanya wenye meli zao. Kituo cha utafiti cha Casey, cha Australia, kilikuwa na dampo katika bonde la Thala, kando kabisa ya bahari. Kwa miaka mingi zilitupwa hapo betri, vyuma chakavu na mapipa, kama tunavyotupa sisi kwenye makorongo. Kiangazi theluji ikiyeyuka, maji yalipita katikati ya taka na kuingia kwenye ghuba ndogo ya Brown Bay yakiwa na shaba, risasi, zinki na mafuta. Mkataba wa Madrid wa 1991, wa kulinda mazingira ya Antaktika, ndio uliozitaka nchi ziache utupaji huo na zisafishe madampo yao ya zamani. La Thala lilikuja kuzolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, taka zikarudishwa kwao kwa meli.

Watafiti walipolinganisha tope la mle ghubani na tope la sehemu safi, hawakukuta jangwa. Daiatomu zilikuwepo, ila aina zilikuwa zimebadilika: zisizovumilia sumu zimepungua, sugu zimeshika nafasi. Asiyejua kuzitofautisha angesema mambo ni shwari. Karibu na kituo hichohicho walifanya pia jaribio la mafuta. Walizamisha trei za tope safi na nyingine za tope lililochanganywa na dizeli au oili za injini, ikiwemo oili chafu, wakazifuatilia kwa miaka 5. Muda huo ulipokwisha, jamii za daiatomu kwenye tope lenye mafuta zilikuwa bado hazijafanana na zile za tope safi.

Mtu atasema huko ni baridi, bakteria wanaokula mafuta wanafanya kazi polepole, kwetu joto litasaidia. Ni kweli, linasaidia. Lakini oili chafu inayomwagwa mtaroni kila jioni haiwapi bakteria hata nafasi ya kupumua. Waliopita kwenye gereji za malori kuanzia Mafinga hadi Tunduma wananielewa.

Nije kwenye zebaki, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Kule Chunya, wilaya yetu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mchimbaji akishachenjua, hukamua mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ndani ya kitambaa mpaka abaki na kidonge cha kijivu kisichozidi punje ya karanga. Hukiweka kwenye kijiko juu ya mkaa, au anakipiga moto wa gesi, na baada ya dakika chache kijivu kinageuka manjano. Kila aliyechuchumaa pale anakodolea macho ile manjano. Mvuke wa zebaki hauna rangi, na hakuna anayeuuliza unaelekea wapi.

Unaelekea mbali. Mvuke huo unaweza kukaa hewani miezi mingi, muda wa kutosha kuizunguka dunia. Ukifika maeneo ya ncha, jua la majira ya kuchipua linaporudi baada ya giza la miezi, bromini inayotokana na chumvi ya barafu ya bahari huigeuza zebaki hiyo na kuiangusha kwenye theluji ndani ya saa au siku chache. Theluji ikiyeyuka, sehemu yake huingia baharini. Bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali zaidi, na mwani huinyonya. Hatua hii ya kwanza, kutoka majini kuingia kwenye mwani, ndiyo kubwa kuliko zote zinazofuata: ndani ya seli zebaki hujikusanya mara maelfu kwa maelfu kuliko ilivyo kwenye maji yanayoizunguka. Ikiwa nyingi huweza hata kung'oa magnesi katikati ya klorofili, ile rangi inayonasa mwanga, na kukaa mahali pake, na klorofili ya namna hiyo haina kazi tena. Kutoka kwenye mwani huenda kwa samaki, kutoka kwa samaki kwa sili na nyangumi. Wainuiti wa Greenland wamekutwa na zebaki nyingi mwilini kwa sababu ya kula nyama hiyo, na hakuna kati yao aliyewahi kuchoma kidonge cha Makongolosi kule Chunya. Hili si jambo geni pia: tangu miaka ya 1960 DDT, dawa ya kuulia wadudu, ilikutwa kwenye miili ya pengwini wa Antaktika, mahali ambapo hapana mbu wala shamba la pamba.

Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huirusha hewani, zaidi ya theluthi moja. Chunya ni sehemu ndogo sana ya hiyo, nakubali, na nisingependa mtu asome barua hii akafikiri nawabebesha wachimbaji lawama za dunia nzima. Wengi wao ni wazazi wa wanafunzi ninaowafundisha. Isitoshe, kabla mvuke haujafika Greenland umeshapita kwenye mapafu ya mchomaji na ya mama anayepika pembeni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Vyombo vya kufunikia kidonge na kuinasa zebaki ili itumike tena si vitu vya ajabu, na mchimbaji anaokoa fedha kwa kuwa zebaki ananunua. Vifike kwenye mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, si kwenye semina za hotelini peke yake.

Ndugu yangu wa Iringa alitaka faida ya hapa nyumbani. Ninayo. Aende kwenye mto wowote wa mawe, achukue jiwe lenye utelezi, alikwangue kwa mswaki mkuukuu ndani ya kibakuli, kisha aweke tone lake chini ya hadubini. Ataona vitu vya kahawia-dhahabu vyenye umbo la mtumbwi vikiteleza bila kasia. Hizo ni daiatomu, ndugu wa zile za chini ya barafu. Maganda yake hayaozi kirahisi: tope la Ziwa Masoko kule Rungwe limehifadhi ya maelfu ya miaka, na wataalamu wameyasoma kujua vipindi vya ukame na majivu ya volkano yaliyowahi kuanguka ziwani.

Uzuri wake mwingine ni huu. Chupa ya maji iliyochotwa asubuhi inaeleza maji ya asubuhi hiyo tu. Aliyefungulia maji machafu usiku wa manane keshapona, mto umeshayapeleka mbele. Daiatomu za kwenye jiwe hazikuondoka. Zilikuwepo usiku huo na wiki zilizotangulia, na aina zilizobaki zinaeleza yaliyopita. Kwa mto kama Lupa wa Chunya jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maji yake mwisho wake ni Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki na samaki.

Ombi langu kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na kwa wenzetu wa chuo cha Mkwawa huko Iringa, ni kwamba wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti wapelekwe kwenye mito hii, na majibu yasomwe kwenye mikutano ya vijiji kwa Kiswahili. Na kwa kuwa mbolea imetajwa, naitrati na fosfeti zinazotiririka kutoka mashambani nazo hubadilisha aina za daiatomu mtoni, kwa hiyo msomaji wetu anaweza kuanza na mto ulio karibu na shamba lake.

Walimu wenzangu wa sekondari hawahitaji kusubiri chuo. Hadubini ya shule inatosha kwa kuanzia. Chukueni mawe ya sehemu mbili, juu ya mwalo na chini yake, siku ileile, na kila kibakuli kiandikwe tarehe na jina la mahali.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia,
Mbeya