Watoto na bakora ya mezani

Majengo, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi hatujambo, ila joto la kaskazi latutesa. Barua yako nimeipata. Waniambia watoto wadogo hawashiki mambo, mwalimu akigomba asubuhi, adhuhuri wameshasahau. Hilo nakukatalia.

Wajua watoto wa mtaani huja kwangu baada ya alasiri kufanya kazi za shule. Juzi niliwapa karatasi wachore madarasa yao. Msichana wa gredi ya tatu akachora bakora juu ya meza ya mwalimu, ndefu kushinda ubao. Nikamuuliza kama amechapwa. "La, sijachapwa. Lakini iko pale." Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imekataza mwanafunzi kupigwa, na hata kuteswa kisaikolojia. Mwalimu yule hapigi, na huenda ajiona ameitii sheria. Mtoto naye, siku nzima jicho liko mezani.

Mwengine ni hodari wa hesabu, na mwalimu wake ampenda, mtoto mwenyewe asema hivyo. Lakini hanyoshi mkono. Jirani yake wa dawati alikosea, mwalimu akamcheka, na darasa zima likafuata. Yeye hakuguswa, ila ameshajua: leo ni fulani, kesho ni mimi. Sisi watu wazima twauliza mwalimu amemtendea nini mtoto huyu, kumbe mtoto atazama wenziwe watendewa nini. Rhona Weinstein, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwauliza watoto wenyewe, akakuta hata wa darasa la kwanza hutambua mwalimu anavyowatofautisha hodari na wanaobaki nyuma.

Na ukimya usikudanganye, shoga. Mkaguzi akipita mlangoni ataandika kwamba darasa limetulia. Watoto waniambia, "Twanyamaza tukisikia viatu vya mwalimu." Kuna darasa jengine lenye kelele mpaka nje, na watoto wake hulisifu kwa jambo dogo tu: mwalimu akiingia huwaangalia wote kabla ya kushika chaki, na aliyekosea huambiwa ajaribu tena.

Sasa nakuomba, wape wanafunzi wako karatasi. Waambie wachore darasa, basi, usiwaelekeze zaidi. Majina wasiandike, wasije wakaogopa. Kisha zipige picha unitumie kwa simu. Nataka nione wewe wamekuweka wapi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, shoga yako