Fomula moja, vitu viwili: kabla hujanunua yujenoli, soma namba

Wiki iliyopita mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja na chupa aliyoinunua kwingine kwa ajili ya sabuni zake za karafuu. Kibandiko kiliandikwa C10H12O2 tu. Kweli, hiyo ndiyo fomula ya yujenoli, kiini cha harufu ya karafuu. Lakini tulipofungua kizibo, harufu ilitoka laini, tamu, ya maua, bila ule ukali unaopanda puani ukiminya karafuu kwa kucha. Alikuwa ameuziwa isoyujenoli.

Fomula haikukosewa. Molekuli zote mbili zina atomu 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 2 za oksijeni, na uzito wao ni uleule. Tofauti iko kwenye mpangilio. Chukua herufi l, a, m, i: utapata mali, lami, mila na lima. Herufi hazikubadilika, neno limebadilika.

Yujenoli ina pete ya kaboni sita yenye mkia wa kaboni tatu. Kwenye mkia huo bondi maradufu (kiungo cha mara mbili kati ya atomu mbili) iko ncha kabisa. Kwenye isoyujenoli bondi hiyo imesogea hatua moja kuelekea kwenye pete. Basi. Lakini hatua hiyo inabadili harufu, inabadili joto la kuchemkia, na, linalotutia wasiwasi zaidi, inabadili namna ngozi inavyoipokea: isoyujenoli huleta mzio kwa urahisi kuliko yujenoli. Sabuni ya mama huyo inaogesha watoto, kwa hiyo tulimsihi asitie hata tone.

(Kusogeza bondi hiyo ni ufundi wa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilipasha yujenoli ya karafuu na alkali kali ikawa isoyujenoli, kisha wakaioksidisha wakapata vanilini, ile harufu ya vanila.)

Usijaribu kupima kwa maji: zote mbili huzama. Tazama namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kemikali, maana kila kampaundi ina yake. Yujenoli ni 97-53-0, isoyujenoli ni 97-54-1. Sisi huiandika kwenye kila chupa, hata ya mililita 30. Kama chupa yako ina fomula peke yake, usiichanganye kwanza; ilete dukani pamoja na risiti, tuifungue wote.