Mjomba, lifungue tena lile daftari la madeni

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye kundi la ukoo nikianza maneno marefu binamu zangu hunitumia vikaragosi vya kusinzia. Tena uliyoyasema siku ya Iddi pale barazani si wewe peke yako unayeyasema. Nayasikia kwa wenye maduka, kwa madereva wa matatu, hata nje ya msikiti baada ya Alasiri. Ulisema: "Kamata wote, tia ndani wote, mtaa utapoa." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa na sinia la kahawa mkononi, nikanyamaza, maana mtoto wa dada hamkatizi mjombake mbele ya wageni. Basi jibu langu ndilo hili.

Kwanza, sijasahau. Kufuli mbili za duka lako zilikatwa. Sukari ilibebwa, mafuta ya kupikia yakabebwa, na simu ya M-Pesa ikaenda na pesa zote za wakala zilizokuwa ndani. Nilikukuta alfajiri umekaa juu ya kreti la soda, hujafungua hata redio. Kwa hiyo sikuandikii kukwambia usamehe. Wewe ndiye uliyeibiwa, hasira ni haki yako. Ninachokuomba ni ufungue daftari la madeni, lile la jalada jeusi linalokaa chini ya mizani, tulisome pamoja.

Fungua ukurasa wa mamake yule hamali wako.

Unakumbuka. Wiki moja baada ya duka kuvunjwa karandinga lilipita mtaani, likasomba kila aliyekuwa maskani jioni ile. Kijana wako alikuwa amemaliza kukushushia magunia, amekaa na wenzake anakula viazi karai. Wezi wako hawakuwamo, na hadi leo hawajapatikana. Yeye akaandikiwa shtaka la kuleta fujo. Hakimu akampa dhamana ya shilingi 10,000 taslimu. Wewe ulikuwa bado unauguza hasara, mamake hakuwa nazo, na sisi wengine tukasema tutachanga mwisho wa mwezi. Akakaa rumande siku 47. Shahidi hakutokea hata mara moja, kesi ikaondolewa, akarudi nyumbani na kandambili za mtu mwingine.

Sasa hesabu, wewe uliyenifundisha kuhesabu kwa maharagwe. Ulikuwa ukimlipa 500 kwa siku. Toa Ijumaa saba za mapumziko, zinabaki siku 40. Ni shilingi 20,000 ambazo hazikuingia nyumba ile, mara mbili ya dhamana yenyewe. Mamake alifunga karai wiki mbili, kwa kuwa mtaji wa mafuta na unga uligeuka nauli ya matatu, sabuni, dawa ya meno, na kile kidogo cha kumwachia kila alipokwenda kumwona. Dadake mdogo alikosa mtihani wa katikati ya muhula. Na wewe je? Ulimchukua hamali mwingine aliyekudondoshea trei nne za mayai siku ya kwanza. Halafu katika daftari, jina la mama yule lililokuwa likilipa kila Jumamosi bila kukosa, kuanzia wiki ile halina alama hata moja ya kulipa. Deni limesimama kwenye 6,300. Kijana alifungwa na serikali, gharama ikaandikwa kwenye daftari lako.

Hilo ndilo ninalotaka kukwambia, mengine yote ni ushahidi. Tunaposema "tia ndani", tunadhani gharama yake ni ugali wa jela na mshahara wa askari, basi. Kumbe sehemu kubwa ya bili hulipwa nje ya ukuta, na watu ambao hakimu hakuwahi kuwaona.

Usidhani ni fikra yangu ya barazani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, walitoa utafiti walioufanya Nairobi, Lusaka na Maputo. Hawakuwahoji mahabusu tu, waliwahoji pia watu wao waliokuja kuwatembelea. Walichokikuta ungekijua hata usiposoma: aliye ndani kwa kawaida alikuwa na watu wanaomtegemea, na hao ndio wanaopoteza kipato, wanaokopa, wanaouza vitu vya nyumbani, huku kesi yenyewe haijasikilizwa. Neno la kisheria ni kwamba huyo mtu bado hana hatia. Lakini jiko la mamake limeshahukumiwa.

Mwaka uliofuata, 2017, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki hapa Kenya lilitoa ukaguzi wa mfumo mzima wa jinai, kuanzia kituo cha polisi hadi jela. Kesi kama 70 katika kila 100 zilikuwa za mambo ya aina hii: biashara bila leseni, ulevi wa kero, kuleta fujo. Maskini ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa kuliko mwenye nacho. Makosa mazito, yale yanayotutia hofu mimi na wewe, ndiyo yaliyokuwa yakiponyoka zaidi. Yaani wavu umesukwa kinyume: dagaa wananasa, papa anapita. Ukiuliza kwa nini waliokuvunjia duka hawajapatikana, jibu moja ni kwamba askari, karani, hakimu na selo vyote vilikuwa na kazi ya watu waliokuwa wakila viazi karai.

Na hapa pananikera kidogo, mjomba, nivumilie. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema wazi kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Shtaka la kuleta fujo adhabu yake ni miezi sita. Soma tena mistari hiyo miwili. Zile siku 47 hazikupaswa kuwapo. Hakuna mtu pale kortini aliyelisema hilo, na mimi mwenyewe nililigundua kijana alipokwisha kutoka. Mamake alipolisikia alinitazama tu, akaendelea kumenya viazi.

Najua utasema: hizo ni huruma, lakini ukiwaachia watarudia. Hilo ni swali zuri, na ndilo gumu kulijibu. Ukiwalinganisha walioshtakiwa na wasioshtakiwa, utakuta walioshtakiwa wanarudia zaidi, lakini huenda ni kwa sababu walikuwa wakorofi tangu mwanzo. Utajuaje kama ni jela iliyowaharibu au waliingia wameshaharibika? Huwezi kupiga kura ya karata, huyu umtie ndani, yule umwache, kisha uangalie.

Ila kura hiyo hupigwa kila siku bila mtu kukusudia. Boston kule Marekani kuna waendesha mashtaka wakali na kuna wapole, na faili lako likimwangukia nani ni bahati tu, kama vile kumpata dereva mstaarabu au mkorofi kwenye stendi. Watafiti watatu, Amanda Agan, Jennifer Doleac na Anna Harvey, waliliona hilo. Wakachukua makosa madogo yasiyo na ukatili, wakawatazama wale ambao mkali angewashtaki na mpole angewaacha, watu wa namna moja waliotenganishwa na bahati. Matokeo yakachapishwa mwaka 2023: aliyeachwa bila kushtakiwa, uwezekano wake wa kufunguliwa kesi mpya ndani ya miaka miwili ulipungua kwa asilimia 53. Ulipungua, mjomba. Na walionufaika zaidi ni waliokuwa wakifika kortini kwa mara ya kwanza, wale ambao hawajawa na faili. Ukilifungua lile la kwanza kwa jambo dogo, umeshampa mtu jina ambalo kila mwajiri atalisoma.

Houston nako walitumia hila nyingine iliyonifurahisha kweli. Aliyepangiwa dhamana siku ya Alhamisi alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutoka kuliko aliyepangiwa mapema wiki ile, kwa kuwa wikendi imekaribia, ndugu wanapatikana, mifuko ina kitu. Kosa lile lile, siku tofauti! Paul Heaton na wenzake walipitia mamia ya maelfu ya kesi ndogo ndogo, wakatoa majibu yao mwaka 2017. Waliobaki ndani kwa kukosa dhamana walikuwa na uwezekano wa asilimia 25 zaidi wa kukiri kosa kuliko wenzao waliotoka, na asilimia 43 zaidi wa kuhukumiwa kifungo. Kukiri, sababu yake huhitaji mtafiti akueleze. Mtu akiambiwa "kiri uende nyumbani leo, au kana ukae ukisubiri mwezi", mwenye mtoto nyumbani atakiri hata wizi wa mwezi wenyewe.

Boston si Mombasa, nakubali. Kule mtu akitoka anaweza kuwa na kazi yenye karatasi na mshahara wa benki. Kwetu kazi ni kufika alfajiri, ukikosekana siku mbili mkokoteni una mtu mwingine. Kwa hiyo mimi naona, na hili ni langu, kwamba kwetu madhara huja mapema zaidi. Hatuhitaji mwaka wa jela kumpokonya mtu riziki. Wiki inatosha.

Tena nisiwe mshabiki wa upande mmoja. Kuna utafiti wa Norwe wa mwaka 2020, nao umetumia bahati ya kumpata hakimu mkali au mpole, na jibu lake ni kinyume: waliofungwa walirudia makosa kidogo kuliko wasiofungwa. Nilipousoma nilikasirika kwanza, nikasema wewe ukiupata utautundika dukani. Halafu nikausoma vizuri. Walionufaika ni wale waliokuwa hawana kazi kabla ya kuingia. Ndani walipewa mafunzo, na walipotoka wakasaidiwa kupata kazi. Waliokuwa na kazi tayari waliipoteza, na hawakupata faida hiyo. Hamali wako alikuwa na kazi. Tena mahabusu wetu hafundishwi ufundi wowote, kwa kuwa yeye si mfungwa, anasubiri tu. Anachojifunza anafundishwa na aliyelala ubavuni mwake.

Kuhusu wale vijana wa mapanga waliotufanya tufunge milango saa moja usiku, hapo sina ubishi nawe. Anayemkata mtu panga akamatwe, ashtakiwe, ushahidi ukitimia afungwe. Mimi nazungumzia lile karandinga la jioni. Ukiyachanganya mawili haya, kama tulivyoyachanganya siku ya Iddi, wenye mapanga ndio wanaofurahi, kwa sababu kila kijana asiye na kosa anayetoka rumande na hasira wanamsubiri nje na kikombe cha chai.

Babu, babako, alikuwa kuli Kilindini. Akituhadithia jinsi ilivyokuwa kutembea mjini bila kipande, kile kitambulisho cha enzi ya mkoloni, ukiulizwa unakwenda wapi na nani kakutuma. Sheria za uzururaji zilizoletwa huku mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapo jirani, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake, kabla hajatenda lolote. Nilicheka kidogo niliposoma. Babu alikuwa akilisema hilo kila siku, ila yeye hakuwa na joho.

Kama ni njia, zipo na si ngeni. Sheria ya huduma kwa jamii tunayo tangu 1998, mtu anafagia zahanati au anapanda miti huku akilala kwake. Hakimu anaweza kumwachia mtu kwa mdhamini bila pesa taslimu, au kwa ahadi yake mwenyewe tu. Na wewe una njia yako, ingawa hukuwa umeifikiria. Siku ile ulikuwa ndiye mwajiri wake. Mwenye duka anayejulikana Kongowea kwa miaka yote hii angesimama kortini na kitambulisho aseme "huyu namjua, kesho saa kumi na moja alfajiri atakuwa kwangu", nadhani hakimu angesikiliza. Hukwenda. Nami sikwenda, nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi. Sikulaumu peke yako.

Nimeonana naye juzi. Anasukuma mkokoteni wa mtu mwingine, wa kukodi, kwa siku anabakiwa na 200. Nilimuuliza kwa nini hajarudi kwako. Akasema anaona haya kwa sababu ya deni la mamake, na pia anadhani wewe unaamini alihusika na zile kufuli.

Jumamosi nitapita dukani. Mamake amenipa shilingi 500 nikuletee, tafadhali ziandike kwa jina lake, si langu. Na yeye kijana nitakuja naye, atabaki nje karibu na mizani mpaka umwite.

Mama anakusalimu. Anauliza kama ule mchele wa Mwea umefika.