Yule mkubwa ukutani siye anayepima nyota

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Picha uliyonitumia ni ya robo duara ya ukutani, yaani tao la kupimia kimo cha nyota lililofungwa ukutani, ya Tycho Brahe, mwanaastronomia wa Denmark. Ilikuwa Uraniborg, kituo chake cha kuangalia nyota kisiwani Hven, enzi hizo cha Denmark na leo cha Sweden. Chombo ni cha mwaka 1582, na mchoro umo katika kitabu alichokichapa Wandsbek, karibu na Hamburg, mwaka 1598.

Umeuliza kwa nini yule bwana mkubwa ananyoosha mkono bila kushika kitu. Huyo ni Tycho, ila amechorwa kwa rangi ukutani, pamoja na mbwa aliyelala miguuni pake na vile vyumba vya nyuma. Ni pambo la kujaza nafasi iliyobaki ndani ya tao. Wengi huishia kumtazama yeye, na kazi yenyewe inawapita.

Angalia ukingo wa kulia. Mtu aliyejibana pale nyuma ya tao ndiye mtazamaji. Anasogeza kilengeo (kifaa kidogo cha kulengea nyota) juu ya tao hadi nyota, kupitia tundu la ukutani juu kushoto, ionekane sawasawa katika nyufa za kilengeo, wa juu na wa chini. Nyufa hizo zinamzuia asikosee kwa kuweka jicho kombo. Akishaipata anapaza sauti: wa chini kulia anasoma saa, aliyeketi mezani anaandika. Saa ni zaidi ya moja kwa sababu zilikuwa hazina timazi inayobembea, zikipotea ovyo. Kuzilinganisha ndiyo iliyokuwa kinga yao. Na ukuta usipoelekea kaskazini-kusini barabara, kila wakati unaoandikwa ni wa makosa.

Sasa chukua lenzi uangalie tao lenyewe, maana hapo ndipo penye ufundi. Nusu kipenyo chake ni karibu sentimita 194, kwa hiyo nyuzi moja inachukua kama milimita 34, na dakika moja ya nyuzi (sehemu moja ya sitini ya nyuzi) milimita 0.56 tu. Tycho alitaka kusoma hadi sekunde 10 za nyuzi (dakika moja ina sekunde 60), yaani chini ya milimita 0.1! Huwezi kuchonga mistari iliyobanana hivyo. Akatumia vidoti vya mshazari vinavyokatiza upana wa tao: hatua ndogo mno inarefushwa kwa kulala kimshazari, na jicho linaisoma. Haya yote bila darubini.

Kuhusu uhalisi wa nakala yako ya karatasi: chini ya lenzi ya mara 10, mstari uliochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa huwa na wino ulioinuka kidogo, na ncha zake huchongoka. Ukiona vidoti vilivyojipanga safu safu kwenye vivuli, ni uchapaji wa kisasa. Inua karatasi dirishani: ya zamani ina mistari myembamba iliyosongamana, inayokatwa na mingine iliyoachana kama sentimita 2.5. Tafuta pia mbonyeo wa bamba kuizunguka picha, ingawa ukikosekana si hoja, kwani wengi walikata kingo. Rangi isikudanganye wala isikutie shaka. Blaeu, mchapaji ramani wa Uholanzi, naye aliichora upya katika Atlas Maior, kitabu chake cha ramani cha 1662, na nyingi za hizo zilipakwa rangi kwa mkono.

Usiibandike kwa selotepu. Gundi yake huingia kwenye karatasi ikaacha doa la kahawia lisilotoka. Nipigie picha ya mgongo wake ukiwa umeielekeza kwenye mwanga, na nyingine ya karibu ya lile tao.

Wako,
Rafiki yako